Miji ya kesho inayojengwa mezani: kutoka Kumbi Saleh ya mwaka 3020 hadi Dodoma

Mwishoni mwa mwaka 2019, Makumbusho ya Aga Khan mjini Toronto, Kanada, yaliwaonyesha wageni wake mji mweusi tititi. Ulikuwa umejengwa kwa takriban vipande 100,000 vya Lego, vyote vya rangi moja, na mjenzi wake alikuwa Ekow Nimako, msanii wa Kanada mwenye asili ya Ghana. Aliuita Kumbi Saleh 3020 CE. Magofu ya Kumbi Saleh yako kusini-mashariki mwa Mauritania, na wanahistoria wengi huamini kuwa pale ndipo palipokuwa mji mkuu wa dola ya kale ya Ghana. Katika karne ya 11 mwanajiografia al-Bakri aliandika habari za mji mkuu huo: miji miwili katika uwanda mmoja, mmoja wa Waislamu wenye misikiti 12, mwingine wa mfalme, na nyumba zimetapakaa kati yake. Nimako aliuchukua mji huo, akaupeleka miaka elfu moja mbele ya siku zetu, na kuujenga upya kwa matofali ya kuchezea.

Jengo la makumbusho yale lilisanifiwa na Mjapani Fumihiko Maki, likafunguliwa mwaka 2014. Liko Wynford Drive, upande wa Don Mills, na hapo ndipo habari hii inapomgusa mkazi wa Dodoma. Don Mills ni kitongoji kilichochorwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 na Macklin Hancock, kijana ambaye wakati huo hakuwa ametimiza hata miaka 30. Alikigawa katika mitaa minne, kila mtaa na shule yake, maduka yakawekwa katikati, njia za waenda kwa miguu zikapita kwenye majani mbali na magari. Baadaye Hancock aliongoza kampuni ya mipangomiji iitwayo Project Planning Associates. Kampuni hiyo ndiyo iliyoandaa mpango wa jiji la Dar es Salaam wa mwaka 1968. Na ndiyo iliyochora, mwaka 1976, mpango wa makao makuu mapya ya Tanzania hapa Dodoma.

Kwa hiyo mji wa kufikirika wa Mwafrika, uliojengwa kwa vipande vya plastiki, ulisimama jirani kabisa na kitongoji kilichomtoa mchoraji wa mji wetu. Sadfa hiyo inanipa sababu ya kuziweka historia mbili pamoja: ya watu wazima wanaojenga dunia za kesho kwa matofali ya kuchezea, na ya mji wa uwanda wa kati ambao kwa miaka mingi uliishi kwenye karatasi kuliko ardhini.

Tofali lenyewe lilianzia kwa seremala. Ole Kirk Kristiansen wa Billund, kijiji cha wakulima nchini Denmark, alianza kuchonga vitu vya kuchezea vya mbao mwaka 1932, wakati mdororo wa uchumi wa dunia ulipowakausha wateja wake wa milango na samani. Baada ya vita kuu ya pili alinunua mashine ya kumimina plastiki. Mwaka 1949 kampuni yake ilitoa matofali madogo yaliyofuata mfano wa Mwingereza Hilary Fisher Page, lakini yalikuwa matupu ndani na hayakushikana vizuri. Ukigusa ukuta, ukuta unaachia. Dawa ilipatikana mwaka 1958. Mwanawe, Godtfred, aliweka mirija midogo ndani ya tofali, ili vinundu vya tofali la chini vibanwe kati ya mirija na kuta za la juu. Hati ya ubunifu huo iliombwa tarehe 28 Januari 1958, na tofali la mwaka ule linashikana na la leo bila shida.

Vipimo vyake havibadiliki. Kutoka katikati ya kinundu kimoja hadi kingine ni milimita 8. Tofali lina kimo cha milimita 9.6, na bamba jembamba lina milimita 3.2, hivyo mabamba matatu hulingana na tofali moja. Mtaalamu wa hisabati wa Denmark, Søren Eilers, alipiga hesabu akakuta kwamba matofali sita tu yenye vinundu vinane, ya rangi moja, yanaweza kuunganishwa kwa namna 915,103,765. Ukimpa mtoto ndoo nzima, hesabu hiyo haina mwisho unaoweza kufikiwa.

Anga za juu ziliingia kwenye Lego mwaka 1978, kwa mkono wa mbunifu Jens Nygaard Knudsen. Mwaka huo vilitoka vijitu vinavyosogeza mikono na miguu, na pamoja navyo seti za wanaanga na vyombo vyao vya rangi ya kijivu na buluu vyenye vioo vya njano. Mwaka mmoja kabla, filamu ya Star Wars ilikuwa imeonyesha jinsi chombo cha angani kinavyopaswa kuonekana: kimechakaa, kimejaa mabomba na viraka. Mafundi wa filamu ile walinunua vifurushi vya vifaru, meli na ndege za kuunganisha za watoto, wakavivunjavunja na kubandika vipande vyake juu ya miili ya vyombo vyao. Wajenzi wa Lego wameirithi mbinu hiyo. Ukiinama karibu na chombo chao utagundua kwamba kile ulichodhani ni mtambo wa kupozea injini ni bomba la maji la jikoni la vijitu, na safu ile ya vali ni viatu vya magurudumu vilivyopangwa kichwa chini. Waliokua na seti za mwaka 1978 sasa ni watu wazima wenye mishahara, na hao ndio wanaojaza kumbi kwa mandhari za sayari nzima.

Kazi yenyewe ni ya uvumilivu. Mandhari kubwa haijengwi kwa mkupuo. Hukatwa vipande vya mraba juu ya mabamba ya msingi, aghalabu yale ya vinundu 48 kwa 48, yaani sentimita 38.4 kila upande, ili iweze kubebwa, kupita mlangoni na kuunganishwa upya ukumbini. Milima huachwa mitupu ndani, ikishikiliwa na nguzo za matofali makubwa, kwa kuwa kuijaza ni hasara na uzito. Mbele huwekwa vitu vikubwa, nyuma hupunguzwa kidogokidogo, ili macho yadanganyike kwamba bonde linaenda mbali. Taa ndogo hupitishwa kwenye mirija. Mjenzi huanza na swali moja ambalo likikosewa kila kitu huharibika: skeli. Mtu wa mji huu atakuwa na kimo gani?

Swali hilohilo liliulizwa Dodoma, na jibu lake lilikuwa la kisiasa kabla ya kuwa la kitaalamu. Kuanzia mwaka 1970 Operesheni Dodoma iliwahamishia Wagogo kwenye vijiji vya ujamaa, na Mwalimu Nyerere alipiga kambi Chamwino akifyatua matofali pamoja na wanakijiji. Tembe, nyumba ya Mgogo yenye paa bapa la udongo inayouzunguka uwanja wa ng'ombe, ilianza kuachia nafasi kwa nyumba za matofali zilizopangwa kwa mstari. Wakati huohuo, tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti iliyopewa jina la Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la baharini karibu na Ngomeni, Malindi, kwenda kupima miali ya eksirei kutoka kwenye nyota. Ulikuwa muongo ambao Afrika Mashariki haikuiona kesho kuwa mali ya watu wengine.

Oktoba 1973 chama tawala, TANU, kiliamua kwamba makao makuu yahamie Dodoma. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ambayo kila mtu hapa aliijua kama CDA, iliundwa mwaka huohuo, na kazi yote ilitarajiwa kuchukua miaka 10. Mpango wa 1976 unastahili heshima kuliko inayopewa. Ni rahisi leo kuucheka kama ndoto ya wageni, lakini ukiusoma kwa makini unakuta mji wa mwendo wa miguu, baiskeli na mabasi, mji usioliabudu gari, wenye bustani na mashamba ndani yake, unaofuata mikunjo ya ardhi badala ya kuilazimisha iwe tambarare. Msingi wake ni nyumba kumi, balozi na majirani zake, zikikusanywa kuwa mtaa, mitaa ikawa jumuiya. Hancock alichukua aliyoyajaribu Don Mills akayafunga na siasa ya ujamaa. Skeli ya binadamu waliipata. Miji mikubwa ya dunia inahangaika leo kurudi kwenye mawazo ambayo Dodoma ilichorewa miaka ya 1970.

Kilichokosekana ni fedha, na hilo halikuwa kosa la wachoraji. Bei ya mafuta ilipanda ghafla mwaka uleule wa uamuzi. Ikaja vita ya Kagera mwaka 1978 na 1979, na mafuta yakapanda tena. Miaka ya 1980 Umoja wa Mataifa ulifadhili mpango wa kitovu cha makao makuu, kazi ikapewa Mmarekani James Rossant, mmoja wa wachoraji wa mji wa Reston huko Virginia. Rossant alikuwa pia msanii aliyechora miji ya kufikirika, na mtu akitazama michoro yake anaona kwamba kwake mpaka kati ya kazi hizo mbili ulikuwa mwembamba. Kitovu alichokichora hakikujengwa.

Lakini kulikuwa na kasoro ambayo fedha zisingeitibu. Mjenzi wa mandhari ya mezani ana mamlaka kamili: hakuna anayeishi pale mpaka amweke yeye. Dodoma ilikuwa na watu. Walikuwapo kabla ya mchoro, wenye mashamba ya mtama na uwele, na wengine wakaja kwa sababu ya mchoro, wakitafuta kazi kwenye mji mpya. Chang'ombe, makazi yaliyoota nje ya mpango, ikajaa watu. CDA, yenye ramani mkononi, iliwaona kama vipande vilivyowekwa pasipo pake. Bomoabomoa zikafuata, na hati za miaka 33 badala ya 99 zikawafanya hata waliopimiwa viwanja wajione wapangaji katika mji wao. Rais Magufuli alipoivunja CDA mwezi Mei 2017, malalamiko hayo ya ardhi ndiyo yaliyokuwa mbele.

Na kulikuwa na maji. Uwanda huu hupata mvua ya msimu mmoja, kidogo na isiyotabirika, na kwa miongo mingi mji umetegemea visima vya Makutupora. Wanuri Kahiu wa Kenya alitengeneza mwaka 2009 filamu fupi ya bunilizi ya kisayansi iitwayo Pumzi, kuhusu jamii iliyobaki baada ya vita vya maji, inayoishi ndani ya kuta na kurudisha matumizini kila tone, hata la jasho. Kwa mtazamaji wa Nairobi ni onyo. Mtu aliyewahi kusubiri mgao wa maji Dodoma anaona mambo anayoyafahamu, ila yamesogezwa mbele kidogo.

Mji ukaja hatimaye, kwa hatua zisizofuata kalenda ya mtu. Bunge lilihamia mwaka 1996, na Chuo Kikuu cha Dodoma kikaanza mwaka 2007. Julai 2016 Magufuli alitangaza kwamba serikali inahamia, na safari hii ikahamia kweli. Dodoma ikapewa hadhi ya jiji tarehe 26 Aprili 2018, Mji wa Serikali wa Mtumba ukazinduliwa Aprili 2019, Ikulu ya Chamwino ikafunguliwa Mei 2023, pale pale alipofyatulia matofali Mwalimu. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inatoka Dar es Salaam hadi hapa kwa saa chache. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956. Ya 2022 ikahesabu 765,179. Kuna mpango mpya, wa mwaka 2019 hadi 2039.

Katika mapokeo yetu ya karibu, mtu aliyeielewa vizuri kuliko wote kazi ya kujenga mji mdogo ni jirani yetu wa Kongo, Bodys Isek Kingelez, aliyezaliwa mwaka 1948 na kufariki mwaka 2015. Hakuwa na Lego. Alikuwa na karatasi, boksi, makopo ya vinywaji, vizibo vya chupa, gundi na wembe. Kazi zake za kwanza zilikuwa safi mno kiasi kwamba alipozipeleka makumbusho ya taifa ya Kinshasa, hawakuamini kuwa ni zake. Ilibidi awathibitishie kwa kutengeneza nyingine, ndipo wakampa kazi ya kukarabati vinyago. Mwaka 1989 alialikwa Paris kwenye maonyesho ya Magiciens de la Terre. Alijenga upya kijiji chake cha Kimbembele Ihunga kikiwa na maghorofa na viwanja vya michezo; akajenga mji uitwao Ville Fantôme, ambao kwa maelezo yake hauhitaji polisi wala jela; akaujenga mji wa Sète wa Ufaransa jinsi utakavyokuwa mwaka 3009. Mwaka 2018 makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York, MoMA, yalimfanyia maonyesho makubwa. Alikuwa amefariki miaka mitatu kabla.

Kingelez na Nimako wanakutana mahali pamoja. Kila mmoja ameipeleka kesho nyumbani kwao, kwenye kijiji au mji wa wazee, badala ya kuitafuta kwenye sayari ya mbali. Ndiyo maana miaka ya 3009 na 3020 kwao haiogopeshi.

Watoto wa Ugogo nao ni mafundi wa zamani wa kazi hii. Baada ya mvua hufinyanga ng'ombe wa udongo, fahali na mitamba, wakawajengea na zizi. Mabua ya mtama hugeuzwa malori. Waya hukunjwa kuwa basi lenye usukani mrefu wa kuendeshea kwa kusimama, na kandambili iliyokatika huchongwa magurudumu. Lego yenyewe ni ghali na adimu hapa, ingawa taasisi ya hisani ya kampuni hiyo imefika Tanzania kwa njia nyingine: mwaka 2019 iliipa shirika la International Rescue Committee dola milioni 100 kwa ajili ya elimu ya kucheza kwa watoto wakimbizi na wenyeji nchini Ethiopia, Uganda na Tanzania, ambako kambi za Kigoma ndizo zilizolengwa.

Sasa tuchukue penseli. Dodoma ya matofali ingekuwaje? Kwa skeli ya vijitu, mtu mmoja sentimita nne, hata jengo la Bunge peke yake lingekula ukumbi. Lakini kwa skeli ya moja kwa elfu mambo yanajipanga kwa namna ya kushangaza. Kinundu kimoja, milimita 8, kinakuwa mita 8 za ardhi: nyumba ya kawaida ya Nkuhungu au Kisasa. Bamba moja, milimita 3.2, linakuwa mita 3.2, yaani ghorofa moja kamili. Nyumba kumi za balozi ni vinundu kumi vilivyoachiwa nafasi ya ua. Mbuyu ni kipande cha mviringo cha kinundu kimoja. Kigae laini kisicho na vinundu ndicho kitakachosimama badala ya tembe, kwa kuwa paa lake ni bapa vilevile, ingawa kimo kitazidi kidogo. Reli ya umeme, yenye upana wa mita 1.435, ingekuwa uzi wa milimita moja na nusu, na hakuna tofali la Lego jembamba hivyo. Hapo itabidi uzi wa kweli. Mlima wa mita 200 utapanda tabaka 21 za matofali, na kwa kuwa milima yetu ni majabali ya mviringo yasiyo na udongo juu, mjenzi atahangaika na kona za tofali kuliko mahali pengine popote. Kutoka katikati ya jiji hadi Mtumba ni kama mita 17 za sakafu. Eneo la kilomita 10 kwa 10 litahitaji mabamba ya msingi karibu 680.

Ni kazi kubwa, ila si kubwa mno. New York ilifanya hivyo kwa mbao na plastiki kwa ajili ya maonyesho ya dunia ya mwaka 1964: mji mzima, mamia ya maelfu ya majengo, kwa skeli ya moja kwa 1,200, kwenye sakafu ya mita za mraba zaidi ya 860. Umebaki hadi leo katika makumbusho ya Queens, na wakazi huenda kutafuta paa la nyumba yao.

Dodoma ina Chuo Kikuu, ina Chuo cha Mipango, ina shule zilizojaa vijana wanaojua kukunja waya. Maboksi ya karatasi yatafaa pale ambapo plastiki haipatikani. Kingelez alishalimaliza jambo hilo. Wakianza, nadhani wasianzie Bungeni wala Mtumba, ambako michoro ipo na kila mtu ameiona. Waanzie Chang'ombe, waende mlango kwa mlango na futi ya kupimia, wawaulize wenyeji kila nyumba ilijengwa lini na nani alikuwa anaishi pale kabla, kwa sababu sehemu hiyo ya mji haikuwahi kuchorwa na mtu yeyote wa Toronto, na wanaokumbuka ilivyoanza wanazeeka.